Afisa mauzo anasema mashindano makubwa ya gofu yatakuja. Je, yatakuja?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka tisa ili tununue kiwanja. Kuna kampuni inauza viwanja vya makazi pwani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Dar es Salaam, kuzunguka uwanja mpya wa gofu wa mashimo 18 ambao bado unapandwa nyasi. Bei ni karibu mara mbili ya viwanja vya jirani. Afisa mauzo anasema tofauti hiyo itarudi yenyewe, kwa sababu ndani ya miaka mitano uwanja utaandaa 'mashindano makubwa ya dunia', tutapangisha nyumba kwa wageni kwa dola, na kiwanja kitapanda bei. Ametuonyesha video ya Augusta. Mume wangu anacheza kidogo pale Gymkhana na ameshawishika kabisa. Mimi sichezi, na naogopa. Uwanja mpya wa kifahari unaweza kweli kuvuta mashindano hayo?"

Jibu:

Marahaba dada. Hofu yako ina msingi, na shauku ya mume wako nayo ninaielewa. Mtu anayecheza gofu akionyeshwa Augusta asubuhi, nyasi zikiwa na umande, anaweza kutia sahihi karatasi yoyote. Lakini ni hiyo video hasa iliyonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu ina kosa ambalo afisa mauzo ama halijui ama hataki ulijue.

Mashindano ya Masters, yale ya kwenye video, hayavutwi na uwanja wowote. Ni mali ya klabu ya Augusta National ya Marekani, yamechezwa hapohapo tangu 1934, na hayahami. Wachezaji wanaume wana mashindano manne yanayoitwa meja, na Masters ni mojawapo. La pili ni The Open, ambalo husimamiwa na R&A, chombo cha gofu chenye makao St Andrews, Scotland, na huzunguka katika viwanja vichache vya kando ya bahari huko Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini. Mengine mawili, US Open na PGA Championship, huchezwa Marekani. Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililowahi kuchezwa Afrika, na wenyewe hawaonyeshi nia hiyo, hata ungejenga uwanja wa dhahabu. Kwa hiyo, kama "mashindano makubwa ya dunia" maana yake ni yale ya kwenye video, jibu ni hapana, na kungoja miaka mitano au hamsini hakutabadilisha kitu.

Hata hivyo, chini ya meja kuna ngazi ndefu, na huko Afrika Mashariki ina hadithi ya kweli. Wachezaji wa kulipwa hucheza katika mfumo unaoitwa Tour. Uufikirie kama ligi ambayo haina nyumbani na ugenini: wachezaji wote wapatao 150 huhama pamoja, wiki hii Kenya, wiki ijayo Afrika Kusini, wiki nyingine India. Wanaume wana DP World Tour yenye mizizi Ulaya, wanawake wana Ladies European Tour, na Afrika ina Sunshine Tour yenye makao Afrika Kusini. Mashindano ya namna hii yanaweza kuja kwetu. Kwa jirani yameshakuja.

Kenya Open ilianza 1967. Seve Ballesteros aliishinda 1978 na Ian Woosnam 1986, wote wakiwa vijana ambao baadaye walitawala dunia. Kwa miaka mingi yalikuwa mashindano ya daraja la pili ya Ulaya, lile la wanaotafuta kupanda, na yalifika daraja la kwanza 2019. Hesabu mwenyewe: kutoka 1967 hadi 2019 ni miaka 52. Yalipofika huko hayakuchezwa katika uwanja mpya wenye majumba ya kuuza pembeni. Yalichezwa Karen, klabu ya 1937, kisha Muthaiga, nayo klabu ya zamani ya Nairobi. Kenya ina viwanja vipya vya kupendeza kuliko hivyo, lakini mashindano ya wanaume hayatoki Nairobi. Kwa maoni yangu sababu si nyasi. Nairobi ndiko kwenye mabenki, uwanja mkubwa wa ndege, hoteli, hospitali, na wageni wa kampuni wanaolipia mahema pembeni ya shimo la 18.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Watu hudhani uwanja mzuri huvuta mashindano kama ua linavyovuta nyuki. Sivyo. Mashindano hununuliwa, na hununuliwa upya kila mwaka. Lazima pawe na mtu anayeweka mezani fedha za zawadi, gharama za matangazo ya televisheni, waamuzi, ulinzi, usafiri, malazi na ada ya Tour yenyewe. Kenya Open ya 2025 ilikuwa na zawadi ya dola milioni 2.5, na hizo ni zawadi tu kabla hujaweka hema hata moja. Angalia jina lake: Magical Kenya Open. Magical Kenya ni chapa ya utalii ya nchi. Maana yake ni kwamba serikali, kupitia utalii, imeamua kuwa wiki moja ya kuonekana kwenye televisheni za Ulaya ni tangazo linalostahili kulipiwa, na benki ya Absa imeingia kama mdhamini. Ondoa hao wawili, na nyasi za Muthaiga, kwa uzuri wake wote, zitabaki kuchezewa na wanachama Jumamosi.

Basi swali la kumuuliza afisa mauzo si "uwanja una ubora gani?" Muulize "nani atalipa, na amesaini nini?" Akikutajia jina la mbunifu maarufu wa uwanja, huo ni mwanzo mzuri lakini si jibu. Jina la mbunifu linauza viwanja. Mdhamini ndiye analeta wachezaji.

Kwa haki, niseme pia kwamba viwanja vipya vimewahi kupata mashindano haraka. Jumeirah Golf Estates ya Dubai ilianza kuchezwa 2009, na mwaka huohuo ikaandaa fainali ya msimu wa Ulaya. Lakini mashindano yale yalikuwa yameahidiwa na fedha za Dubai tangu uwanja ungali mchanga, na hata hivyo msukosuko wa uchumi ulipokuja, zawadi ilipunguzwa kutoka dola milioni 10 hadi 7.5. Afrika Kusini, uwanja wa The Links pale Fancourt ulifunguliwa 2000 na ukaandaa Presidents Cup 2003, shindano la timu ya Marekani na timu ya dunia isiyo na Ulaya. Ubunifu ulikuwa wa Gary Player, na nahodha wa timu iliyocheza na Marekani alikuwa Gary Player huyohuyo. Miaka mitatu, ndiyo, lakini nyuma yake palikuwa na tajiri mkubwa sana na mtu ambaye mlango wowote wa gofu duniani ulikuwa wazi kwake. Wakati mwingine mpango huanza upande wa pili kabisa, kama tulivyoona sisi na AFCON 2027: kwanza nchi zikapewa mashindano, ndipo uwanja wa mpira ukaanza kujengwa Arusha. Celtic Manor kule Wales ilipewa kwanza Ryder Cup ya 2010, shindano la timu za Ulaya na Marekani, kisha ikajenga uwanja maalumu uliofunguliwa 2007. Kama mradi wenu una barua ya namna hiyo, wataionyesha kabla hujaomba. Kama hawana, chukulia hawana.

Mfano wa kuufikiria zaidi ni Vipingo Ridge, Kilifi, kwa sababu unafanana na wa kwenu: pwani, ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, nyumba za kuuza, uwanja wa kifahari unaoitwa Baobab. Aliyeubuni ni David Jones wa Ireland ya Kaskazini, aliyewahi kushinda Kenya Open 1989, na ndiye pia aliyebuni Kili Golf kule Usa River, Arusha. Baobab ulikuwa umeshachezwa takriban muongo mmoja ndipo Ladies European Tour ilipofika, Desemba 2019. Na ilifika kwa kishindo, maana lilikuwa shindano la kufunga msimu: Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda pale na kwa ushindi huo akamaliza kinara wa Ulaya nzima katika mwaka wake wa kwanza. (Baadaye, Paris 2024, alipata medali ya fedha ya Olimpiki.) Miaka miwili iliyofuata hapakuwa na mashindano. Yakarudi 2022, 2023 na 2024. Zawadi ilikuwa yuro 300,000, sehemu ndogo ya ile ya wanaume, na hili ni jambo ambalo miradi ya pwani yetu ingepaswa kulitazama kwa makini badala ya kuota Augusta. Mashindano ya wanawake ni ya kiwango cha juu, yana televisheni, na gharama yake inafikika.

Sasa nyasi, kwa sababu umesema bado zinapandwa. Uwanja wa gofu haukomai siku ya kukata utepe. Kinachoitwa grini, pale penye shimo na bendera, ni zulia la nyasi lililojengwa juu ya tabaka za mchanga na kokoto, likakatwa hadi urefu wa milimita tatu au nne. Mwanzoni mizizi haijashika, udongo unaendelea kutuama, na kila mvua kubwa inakuonyesha mfereji uliokosewa. Kwa kawaida wakaguzi wa Tour hutaka kuona misimu kadhaa, si picha za droni. Wamarekani, wenye fedha na wataalamu wote, huujaribu kwanza uwanja mpya kwa mashindano ya wachezaji wa ridhaa. Chambers Bay, jimbo la Washington, ulifunguliwa 2007, ukapewa US Amateur 2010, ndipo ukaandaa US Open 2015. Na bado grini zake ziliharibika: aina nyingine ya nyasi ilivamia ile iliyopandwa, mpira ukawa unarukaruka, na wachezaji wakalalamika mbele ya dunia nzima. Erin Hills, Wisconsin, ulifunguliwa 2006 na kupata US Open 2017. Katikati ya safari hiyo mwenye mradi wa kwanza alilemewa na madeni akauza, 2009. Uwanja ulifika kwenye ndoto. Aliyeiota hakufika nao.

Nyasi zinanipeleka kwenye maji, na hapa naomba usome polepole, maana hili litakugusa hata kama hapatachezwa shindano lolote. Uwanja wa mashimo 18 katika joto letu, wakati wa kiangazi, unaweza kunywa lita milioni moja kwa siku au zaidi. Visima vya mwambao vikivutwa kupita kiasi, bahari hujaza nafasi na maji yanageuka chumvi. Waulize wenyeji wa Dar. Ipo nyasi inayovumilia chumvi, paspalum, ambayo Kiawah Island ya Marekani iliitumia kuandaa PGA Championship 2012, kwa hiyo tatizo lina ufumbuzi. Lakini anayepanga vizuri huwa na majibu tayari: anatumia maji yapi, ana kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu cha kiasi gani, na nyumba zenu zitachota kisima kilekile au kingine.

Kisha barabara na vitanda. Turnberry, Scotland, ni miongoni mwa viwanja vizuri kuliko vyote duniani na umeandaa The Open mara nne, ya mwisho 2009. Tangu hapo haujapewa tena. Kuna suala la mmiliki, Donald Trump, ambaye aliununua 2014: Januari 2021 R&A ilisema haina mpango wa kurudi pale karibuni, na mwezi huohuo uwanja wake wa Bedminster ulinyang'anywa PGA Championship ya 2022. Huo ni ushahidi kwamba jina la mwenye uwanja linaweza kufunga mlango ambao nyasi zilishaufungua. Lakini R&A wametaja pia barabara, reli na malazi. Mwaka 2009 Turnberry ilipata watazamaji wapatao 120,000. Royal Portrush, 2025, ilipata zaidi ya 270,000. Kama Turnberry inahangaika na barabara, mradi ulioko saa moja na nusu kutoka mjini (saa hiyo na nusu ni ya Jumapili asubuhi au ya Ijumaa jioni?) una la kujieleza.

Tuseme mambo yote yamekwenda vizuri na shindano la daraja la kati limekuja. Je, kiwanja chako kitapanda bei? Kidogo, pengine, na kwa muda. Shindano ni wiki moja kwa mwaka. Wachezaji na maofisa mara nyingi hulala hotelini, si kwenye nyumba za watu. Na shindano lililonunuliwa linaweza lisinunuliwe mwakani. Wenzetu wa Oman wanalijua hili. Al Mouj, Muscat, ulifunguliwa 2012, ukaanza na daraja la pili la Ulaya 2013, ukapanda kwa utaratibu mzuri hadi Oman Open ya daraja la kwanza, 2018 hadi 2020. Kwangu ndio mfano bora wa kupanda ngazi bila papara. Shindano lile la daraja la kwanza halikuendelea baada ya 2020. Uwanja ulipata mashindano ya mfumo mwingine, wa Asia, 2023. Aliyenunua nyumba pale kwa sababu ya bahari na nyasi bado anazo. Aliyenunua kwa sababu ya Oman Open alipata wiki tatu.

Kwa uwanja wenu, ngazi ninayoiona ni hii. Miaka miwili mitatu ya mwanzo, mashindano ya klabu na ya ridhaa ya taifa. Baadaye, mashindano madogo ya kulipwa ya kanda. Sunshine Tour ilianzisha msururu wa mashindano ya maendeleo Afrika Mashariki mwaka 2024, na hilo ndilo lengo la kweli la miaka mitano. Juu ya hapo, katika miaka kumi na kuendelea, pengine shindano la wanawake la Ulaya, kama serikali na benki moja kubwa zitakubali kulilipia. Tuna faida moja ya kweli: Januari hadi Machi Ulaya kuna baridi, Tour ziko Afrika tayari, na kutoka Nairobi hadi Dar ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa ndege. Kasoro yake ni kwamba masika huingia Machi, hivyo dirisha ni jembamba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko mashindano ni nani atakata nyasi mwaka wa nane. Katika miradi mingi ya namna hii uwanja wa gofu ni chambo. Viwanja vya makazi vinapouzwa vyote, msanidi hana tena sababu ya kuulisha, na uwanja wa gofu hula fedha kila siku: mashine, mbolea, mafuta, mishahara ya watu kadhaa. Nimewahi kuitwa kukagua uwanja wa aina hiyo, nje ya nchi yetu, na nikakuta mbuzi kwenye shimo la saba huku wenye nyumba wakiendelea kudaiwa ada ya huduma. Kwa hiyo soma mkataba wako. Uwanja utakuwa mali ya nani? Je, kuna sharti kwenye hati linalozuia ardhi ya uwanja kukatwakatwa viwanja baadaye? Ada ya huduma ni kiasi gani, nani anaipandisha, na inakulazimu hata wewe usiyecheza? Uanachama wa mume wako umo kwenye bei au ni kitu kingine?

Maswali hayo usimalizane nayo kwa simu wala kwa kunisoma mimi. Tafuta wakili wa ardhi wenu wenyewe, si yule mtakayeletewa na kampuni, afanye upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, aone miaka iliyobaki, matumizi yaliyoidhinishwa na kama kuna rehani ya benki juu ya eneo lote. Aombe kuona cheti cha tathmini ya mazingira cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa kuwa ni pwani, apime pia mita 60 kutoka baharini, maana sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu ndani ya umbali huo, na mara nyingi viwanja vya "mbele kabisa" ndivyo vyenye bei kubwa. Mkishalipa, mlango wa kurudi ni mwembamba sana. Mkiambiwa punguzo linaisha Ijumaa, liacheni liishe.

Na mume wako, mwambie hivi: chukueni bei ya kiwanja cha jirani kisicho na gofu, kisha jiulizeni mngekuwa tayari kuongeza kiasi gani kwa ajili ya kuishi kando ya nyasi, yeye akicheza mashimo tisa kabla ya kazi na wewe ukitembea jioni, bila mtalii hata mmoja wala kamera hata moja. Hiyo ndiyo tofauti ya kulipa. Kama kampuni inataka zaidi ya hapo kwa sababu ya mashindano, waiandike ahadi hiyo kwenye mkataba, na tarehe yake, na mtakachorudishiwa isipotimia. Nitashangaa wakikubali. Wakikubali, naomba mniandikie tena mnieleze jina la mdhamini.